Samaki Mmoja Akioza

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Je, ni haki? Tarehe 29 Mei 1985, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, mashabiki wa Liverpool waliwashambulia wale wa Juventus, ukuta ukaanguka, watu 39 wakafa. Mahakama ya Ubelgiji iliwatia hatiani mashabiki 14, lakini UEFA ilizifungia klabu zote za England kwa miaka isiyopungua mitano, na jina la shabiki Mwingereza likanuka Ulaya nzima.

Hapa Bujumbura, Liverpool ikishinda, vijana wa Buyenzi hupaza sauti: "Tumeshinda!" Hakuna hata mmoja wao aliyegusa mpira. Basi anayejigawia sifa asiyoitolea jasho hawezi kusema "wale si wenzetu" aibu inapofika.

Hata hivyo, sisi Warundi tumezika watu wengi kwa sababu ya neno "wote". Ndiyo maana natenganisha mambo mawili: hatia ni ya aliyetenda, wajibu ni wa kila avaaye jezi. Asiyerusha jiwe hastahili adhabu wala chuki. Anachodaiwa ni kumshika mkono mwenzake kabla hajarusha.