Puto Lililojazwa Kisirisiri

Kiangazi cha mwaka 1896, katika kisiwa cha Danskøya huko Svalbard, kaskazini ya mbali ya Norwe, Waswidi watatu walikaa wakingoja upepo. Kiongozi wao, Salomon August Andrée, alikuwa mhandisi katika ofisi ya hataza ya nchi yake, na nia yake ilikuwa kupita juu ya Ncha ya Kaskazini kwa puto. Miongoni mwa waliomchangia fedha walikuwemo Mfalme Oscar II na Alfred Nobel, yule mwenye tuzo. Puto lenyewe lilikuwa la hariri iliyopakwa vanishi, lilishonwa Paris, likajazwa gesi ya haidrojeni. Upepo wa kusini waliouhitaji haukuja. Wakafungasha, wakarudi nyumbani.

Laiti kisa kingeishia hapo. Mwaka uliofuata Andrée alirudi na wenzake wawili, na hakuna hata mmoja wa watatu hao aliyetoka hai. Hawakukosa elimu wala ushujaa. Nawaleta mbele yenu, ndugu wasomaji, kwa sababu dalili zilikuwepo, zikapimwa na zikasemwa kwa sauti, na bado safari ikaendelea. Sijioni kuwa mwerevu kuliko wao.

Aliyepima ni Nils Ekholm, mtaalamu wa hali ya hewa, mmoja wa wale watatu wa 1896. Huyu hakuwa mgeni wa barafu. Mwaka 1882 ndiye aliyeongoza msafara wa kisayansi Svalbard, Andrée akiwa msaidizi wake. Safari hii mambo yaligeuka, msaidizi akawa kiongozi. Wakati wakingoja upepo, Ekholm alipima jinsi puto lilivyopoteza nguvu ya kunyanyua. Gesi ilikuwa ikitoka kupitia tundu za sindano kwenye mishono, tundu ndogondogo kwa mamilioni, ambazo vanishi haikuweza kuziziba zote. Andrée alihesabu kwamba puto lingekaa angani siku 30. Hesabu za Ekholm zilionyesha lisingezidi 17.

Kuna jambo katika vipimo vyake lililomtatiza: mara nyingine puto lilionekana kuvuja kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Jibu alilipata wakati wa kurudi, kutoka kwa mhandisi wa mtambo wa gesi. Kumbe Andrée alikuwa akiagiza gesi iongezwe kisirisiri. Ni kama nahodha anayejua chombo kinavuja, akaamka usiku kufua maji ili abiria asubuhi wakikute kikavu.

Hapa ndipo panaponisumbua zaidi kuliko mahali pengine popote katika habari hii. Mtu anayewaficha wengine kasoro huenda anatafuta faida. Andrée, hata hivyo, angepanda yeye mwenyewe ndani ya puto lile. Aliificha kasoro ambayo ingemwangusha yeye kwanza. Nadhani alikuwa ameshabanwa: alikwisha chukua fedha za mfalme, umati ulikwisha mshangilia, na magazeti yalikwisha mtangaza. Kurudi mikono mitupu kungekuwa aibu kubwa mno. Tuchunguze sana nyakati ambazo tunaogopa aibu kuliko hatari yenyewe, maana wengi wetu tumo humo bila kujijua.

Ekholm alijitoa, akaeleza sababu zake waziwazi. Nafasi yake akapewa Knut Frænkel, kijana wa miaka 27 mwenye mwili wa mazoezi. Wa tatu alikuwa Nils Strindberg, mpiga picha wa miaka 24, aliyekuwa na mchumba wake nyumbani.

Dalili nyingine ilikuwa kamba. Puto huenda upepo uendako, na Andrée aliamini kwamba kamba nzito zinazoburuzwa chini, pamoja na matanga, zingemwezesha kuliongoza. Aliwahi kujaribu kwa puto lake la awali, na upepo ukawahi kumvusha bahari bila ridhaa yake hadi kwenye kisiwa kidogo cha Ufini. Funzo lile aliliweka kando. Tena puto hili jipya lilipelekwa Svalbard moja kwa moja kutoka kiwandani bila kurushwa hata mara moja kwa majaribio.

Tarehe 11 Julai 1897 wakapaa. Mara moja kamba zikalivuta puto hadi kapu likagusa maji. Kamba zilikuwa zimeungwa kwa vipande vya kufungua kwa skurubu, na kwa kusokoteka zikafunguka: kilo 530 za kamba zikabaki nyuma, wakamwaga na kilo 210 za mchanga. Puto jepesi likapanda hadi mita 700, ambako gesi hutoka kwa kasi zaidi. Baada ya saa kumi na nusu likaanza kugonga barafu, likawa linaruka na kuanguka. Tarehe 14 Julai wakashuka kabisa. Siku 30 za hesabu ziligeuka siku tatu.

Kilichofuata ni kuburuza mizigo ya takribani kilo 200 kila mmoja juu ya barafu isiyotulia. Walitembea kuelekea mashariki huku barafu ikiwasogeza magharibi. Oktoba walifika kisiwa cha Kvitøya, na huko maisha yao yakakoma. Chanzo cha vifo vyao kinabishaniwa mpaka leo. Mabaki yao yalionekana mwaka 1930, miaka 33 baadaye, pamoja na madaftari na filamu ambazo baadhi ya picha zake zilisafishika. Uswidi iliwapokea kama mashujaa wa taifa, na ni vigumu kumhoji shujaa.

Mimi namfikiria Frænkel. Alipoombwa kujaza nafasi, Ekholm alikuwa hai na hesabu zake zilikwisha kuelezwa. Kabla ya kukubali kiti kilichoachwa, iwe kazini, kwenye biashara ya ubia au safarini, tumtafuteni aliyekiacha, tumuombe atuonyeshe alichopima. Naye Ekholm angekuwa na majibu: siku 17, tundu za mishono, na gesi iliyoongezwa bila yeye kuambiwa.