Deni Lisilo na Mdai

Wenye majina makubwa ya biashara huogopa majina hayo kuzoeleka kupita kiasi vinywani mwa watu. Mwaka 1921 Jaji Learned Hand aliamua, huko New York, kwamba kwa mnunuzi wa kawaida "aspirin" lilikuwa jina la dawa tu, si alama ya Bayer. Mwaka 1963 mahakama za Marekani zikasema hivyo hivyo kuhusu "thermos". Kwetu majina haya huingia bila hodi: mtu huomba Colgate, akapewa dawa ya meno ya kampuni nyingine, akaondoka ameridhika.

Lakini Kenya kumetokea safari ya kinyume, nayo ndiyo inayonishughulisha. Safaricom, kampuni ya simu, wenye huduma ya fedha ya M-Pesa tangu 2007, hawakungoja jina lao ligeuke kitenzi. Waliingia wenyewe katika vitenzi vyetu wakachagua. Kusambaza kukawa kumtumia mwenzako muda wa maongezi. Januari 2019 ikaja Fuliza. Kufuliza, katika Kiswahili cha wazee, ni kwenda bila kusita. Sasa ni kulipa kwa fedha usiyo nayo: salio likipungua, huduma inajazia, na chochote kitakachoingia kinakatwa kwanza. "Nitafuliza," mtu husema mbele ya muuza duka, na hakuna anayegeuka kumtazama.

Angesema "nitakopa", wangegeuka. Kukopa kunahitaji watu wawili. Ukisema umekopa utaulizwa kwa nani, na huyo nani ana uso, ana mlango, ana njia ambayo utaikwepa mwisho wa mwezi. Wahenga waliposema kukopa harusi, kulipa matanga, walikuwa wakizungumzia shughuli zenye watu. Kufuliza hakuna harusi wala matanga. Husemi umefuliza kwa fulani. Mdai amemezwa na kitenzi, na mkopaji anabaki kama mtu aliyefanya jambo lake mwenyewe, tena kwa mwendo mzuri.

Sidharau nafuu hiyo. Mama anayemtafutia mtoto dawa usiku hana haja ya kubisha mlango wa mtu, na majirani wengine (tuseme kweli) hukopesha kwa masimango. Aibu ya deni ilimfanya mtu apime kabla ya kuchukua, ila ilimuumiza zaidi aliyekuwa hana la kupima. Nisingependa irudi yote.

Ninachokosa ni upande wa pili wa ule mlango. Jirani aliyekukopesha shilingi mia mbili aliweza kukuambia ulete ukipata, na kesho yake akaja kwako kuomba chumvi bila kuzitaja. Fuliza hutoza ada kadiri siku zinavyopita, na fedha zikiingia hujichukulia haki yake kabla hujaufungua ujumbe.