Upepo Mwanana wa Kusini

JUMANNE

Soma Matendo 27:9–15. Kwa nini akida aliwasikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo? Upepo wa kusini uliwafanya wafikiri nini?

________________________________

Wenyeji wa Biharamulo wanaijua Nyamirembe, bandari ya Ziwa Victoria iliyokuwa ndani ya wilaya yao kabla Chato haijawa wilaya. Katika ziwa hilo mashua ya tanga hutegemea pepo mbili. Usiku upepo hutoka nchi kavu, na wavuvi huondoka nao. Mchana hugeuka na kuwarudisha. Lakini mara nyingi radi na dhoruba huzuka juu ya maji usiku au alfajiri, bila kumngoja mtu.

Kwa hiyo baharia mwenye busara hufanya kazi yake mashua ikiwa bado ufukoni. Hukagua maungio ya mbao na kuziba kila mwanya. Huvuta kamba kwa nguvu kabla upepo haujazivuta. Hushona tanga lililochanika, na hujizoeza kulishusha upesi. Hupakia nanga, kasia la akiba, ndoo ya kutolea maji, na boya la kuvaa kwa kila mtu. Humwambia mtu wa nyumbani aendako na saa atakayorudi. Tena huhesabu watu na mizigo. MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zote zilikuwa zimebeba kupita kiasi, na mamia wakafa.

Hata hivyo, mashua yaweza kuwa tayari na baharia asiwe tayari. Abiria wanangoja, nauli iko mkononi, ziwa limetulia. Ni nani atakayesema, “Leo hatuendi”?

Katika Krete, merikebu ilikuwa kubwa na nahodha alijua kazi yake. Siku ya kufunga ilikuwa imepita, yaani Septemba au Oktoba, majira ya hatari baharini. Paulo, aliyekwisha kuvunjikiwa na jahazi mara tatu (2 Kor. 11:25), alionya. Lakini bandari haikufaa kukaa wakati wa baridi, na wengi walitaka kuondoka (fungu la 12). Kisha upepo wa kusini ukavuma kidogo, nao wakauhesabu kuwa kibali. Muda si mrefu Eurakilo ikawashukia.

Soma Matendo 27:17–19, 38, 44. Ni mambo gani walilazimika kufanya katikati ya tufani? Ni nini kilichookoka?

________________________________

Shehena waliyoipakia kwa faida waliitupa kwa mikono yao. Mungu aliwaokoa watu wote 276, hata waliokataa shauri, merikebu ikapotea. Hiyo ni neema, wala haikuufanya uamuzi wa Krete kuwa mwema. Maombi ya tufanini husikiwa, lakini hayakupewa kuwa badala ya kuziba mwanya ufukoni.

Tumaini ni nanga ya roho (Ebr. 6:19), na nanga hupakiwa kabla ya safari. Neno husomwa siku za afya, ndugu husamehewa kabla ya msiba, deni hulipwa kabla ya njaa.

Tafakari: Ni onyo gani unaloliahirisha kwa sababu tu leo upepo ni mwanana? Ni nani anayesafiri ndani ya mashua yako, atakayelipa gharama ya uamuzi huo?

________________________________