Uchovu Huenda Wapi?

Mwaka juzi binti yangu anayeishi Muscat alinitumia tiketi ya ndege nikamwone mjukuu, na kwa mkono wa jirani aliyekuwa akirudi Ujiji akaniletea sanduku la safari la kupanda. Nasema la kupanda kwa maana ya kupandwa kama punda. Lina magurudumu, mota ndogo, betri, na usukani unaovutwa kutoka ndani; mtu huketi juu yake, hufinya kitufe, nalo likamchukua taratibu juu ya sakafu laini za viwanja vya ndege. Binti alizijua habari za magoti yangu. Alijua pia kwamba sipendi kile kiti cha kusukumwa, maana kiti kile kina mtu nyuma yake.

Pale Dar es Salaam, katika lile jengo la tatu la abiria lililofunguliwa mwaka 2019, nilipanda. Sitamficha msomaji: nilifurahi. Watoto walinitazama kama sinema, na mama mmoja akaninong'onea, "Shikamoo, babu, utaanguka." Sikuanguka. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilifika mbele ya mizani nikiwa sihemi.

Pale mizani nilitakiwa nichomoe betri niingie nayo mkononi, kwa kuwa betri za lithiamu haziachwi tumboni mwa ndege, zisije zikawaka moto pasipo mtu wa kuziona. Nilichomoa. Abiria aliyekuwa mbele yangu alikuwa akibishana na karani. Begi lake lilikuwa limepita kilo 32, naye alikuwa tayari kulipa. Karani akamjibu kwa upole kwamba hilo si suala la fedha: begi moja likizidi kilo 32 halipokelewi, kwa sababu huko nyuma kuna watu wanaoyanyua kwa mikono.

Kilo 32! Mimi ni mtu wa Ujiji, na hesabu hiyo ilinishtua. Frasila moja ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa kama ratili 35, na mzigo wa mpagazi wa njia ya Bagamoyo hadi kwetu ulikaribia frasila mbili, ratili 70. Zigeuze ratili hizo ziwe kilo, utapata karibu 32. Basi mgongo wa binadamu haujabadilika. Kilichobadilika ni umbali: huyu wa leo ananyua mzigo kutoka kwenye mkanda hadi kwenye gari, yule wa zamani aliubeba zaidi ya kilometa elfu moja. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaiona Ujiji Februari 1858. Vitabu husema "walifika", kana kwamba masanduku yao yalikuja yenyewe.

Lakini nisiwafanye wapagazi kuwa watu wa kuhurumiwa tu. Walikuwapo watumwa waliobebeshwa pembe za ndovu kwa nguvu, na katika Vita Kuu ya Kwanza walikuwapo wale waliokokotwa kubebea majeshi, wakafa makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo ni kumbukumbu yao. Hata hivyo Wanyamwezi waliojikodisha walikuwa watu wa kazi yao, wenye majivuno nayo. Masimulizi ya wasafiri wa karne ile yamejaa manung'uniko juu ya wapagazi walioupima mzigo, wakaukataa, wakagoma au wakatoroka usiku. Wasafiri waliyaita hayo ukorofi. Mimi nayaita ulimi.

Nasema hivyo kwa sababu ya kijana mmoja ambaye hakuwa na ulimi, na aliyemnyima ni mimi.

Ilikuwa mwaka 1979. Nilirudi kutoka masomoni kwa treni, na pale stesheni ya Kigoma wanafunzi wachache wa shule niliyokuwa nikifundisha walikuja kunipokea. Ndiyo iliyokuwa desturi: mwalimu habebi mzigo mwanafunzi akitazama. Nilikuwa na sanduku la bati lililojaa vitabu. Kijana mmoja wa kidato cha pili alilitwaa kichwani, tukaanza kupanda kile kilima cha kwenda Mwanga, mimi mbele nikizungumza habari za masomo, yeye nyuma akiitikia "Ndiyo, mwalimu." Nilimwuliza mara moja tu kama ni zito. Akasema, "Hapana, mwalimu." Karibu na kilele nilisikia kishindo. Sanduku lilikuwa limeanguka, na kijana amekaa chini, jasho likimtoka, meno yakigongana. Alikuwa na malaria tangu juzi yake. Alilazwa siku sita. Alipona, namshukuru Mungu, na alipotoka alikuja kuniomba radhi kwa sababu vitabu vilichafuka.

Nimefundisha vijana wa ualimu miaka mingi baada ya hapo, nikawahubiria heshima, na kisa hiki sikukisimulia hata mara moja.

Sasa, lile sanduku la binti yangu lina taa nne ndogo. Nguvu ikipungua, taa moja huzimika, kisha ya pili. Linanieleza limebakiwa na kiasi gani, wala halina adabu ya kunificha. Nilipokuwa nimeketi juu yake nilimkumbuka yule kijana, naye hakuwa na taa. Alikuwa na "Ndiyo, mwalimu" na "Hapana, mwalimu".

Rafiki yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, ambaye tunakaa naye barazani jioni, halipendi sanduku hili. Anasema ni ubinafsi wenye magurudumu: mzee akijibeba mwenyewe, kijana atapata wapi thawabu, na mchukuzi wa stesheni atakula nini? La pili lina uzito, na sina jibu lake zuri. La kwanza nalikataa. Sijui ni thawabu ya namna gani anayoipata mtu asiyeweza kusema hapana.

Wala sidai kwamba uchovu umekwisha duniani kwa kuwa mimi nimeketi. Gurudumu lina maelfu ya miaka, lakini sanduku la kukokotwa lilipata hataza Marekani mwaka 1972 tu, la Bernard Sadow, na lile la kusimama wima lenye mpini lilibuniwa na rubani Robert Plath mwaka 1987. Kwa nini ilichelewa hivyo? Nadhani waliokuwa na masanduku mazito sio waliokuwa wakiyanyua. Na hii betri nayo ina watu ndani yake. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, huko Kolwezi, ambako wengine huichimba kwa sururu na kuitoa mashimoni kwa magunia, mgongoni. Kongo ndiyo ile milima tunayoiona ng'ambo ya ziwa hewa ikitakata.

Niliporudi Kigoma ndipo sanduku liliponigeuka. Njia ya kutoka lami hadi kwangu ni mawe na mchanga. Magurudumu yale madogo yalizama, na betri nilikuwa bado nimeichomoa. Kijana wa jirani akaja mbio. "Shikamoo mwalimu, lete nibebe." Alikwisha kuliinua. Nikamwambia alishushe, twende kwanza kwa muuza dagaa tulipime. Akacheka, akadhani naogopa kuibiwa. Mizani ikaonyesha kilo 26, na zaidi ya kilo saba kati ya hizo ni sanduku lenyewe. Nikaitoa ile mikebe ya tende nikaitia kwenye mfuko nikaushika mwenyewe, tukapatana malipo, kisha nikamwuliza kama amekula, na kama ni mzima.

"Mzima, mwalimu."

Nikamwambia jibu hilo nimewahi kulisikia, asema tena. Akanitazama kidogo, akasema bega la kushoto linamwuma tangu alipobeba saruji. Tukaliweka kulia. Tulipumzika mara mbili njiani. Mara ya kwanza niliomba mimi, kwa ajili ya magoti. Mara ya pili aliomba yeye.