Kuegemea Bondeni

Kuteleza kwa skii ni kushuka mlima wenye theluji juu ya mbao mbili ndefu zilizofungwa miguuni, na kanuni yake ya kwanza inapingana na silika: anayetaka kuumiliki mwendo wake sharti aupeleke mwili kule anakoogopa kwenda. Anayeanza hufanya kinyume. Akiona mteremko umekatika mbele yake, hurudi nyuma, huegemea mlima, huchutama kama anayetafuta kiti. Uzito wote huhamia visiginoni, ncha za mbele za skii huwa nyepesi, hazishiki tena theluji wala hazikubali kugeuka. Hofu ya kwenda kasi ndiyo inayomwongezea kasi. Akikunja magoti na kuinamia bondeni mpaka miguu isukume ulimi wa buti, skii humtii. Hapo pana swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelihangaikia kwa karne nyingi: je, mtu hujua kwanza ndipo akaamini, au yapo maarifa yasiyomfikia asiyetangulia kuamini?

Swali hilo huonekana wazi zaidi kwa mwanafunzi wa mpango wa kubadilishana aliyetoka mahali pasipo na theluji. Mtoto wa Tirol, huko Austria, husimamishwa juu ya skii akiwa na miaka mitatu au minne, kabla akili haijajua kuhesabu hatari. Akikua hawezi kusimulia alivyojifunza, kama kijana wa Lamu asivyoweza kusimulia alivyojifunza kuogelea. Lakini mgeni wa miaka kumi na saba, aliyefika Austria mwanzoni mwa mwaka wa masomo na kupelekwa mlimani mwezi Februari na familia iliyompokea, hujifunza macho yakiwa wazi. Likizo ni ya juma moja tu, na sehemu ya asubuhi ya kwanza huliwa na buti: ganda gumu la plastiki lenye vifungo vya chuma, linalokikaza kifundo cha mguu kisiende kulia wala kushoto, hata mvaaji akatembea kama mwenye miguu miwili ya plasta. Kisha hupangwa darasa la wanaoanza, mara nyingine pamoja na watoto wasiomfika kiunoni.

Katika darasa hilo mwalimu hutumia maneno mawili ya jikoni. La kwanza ni piza: ncha za mbele za skii zikaribiane na mikia itanuke, umbo liwe la kipande cha piza, na hiyo ndiyo breki. La pili ni chipsi: skii zilale sambamba, mtu aachie aende. Watu wazima huuita mkao wa kwanza plau, kwa jinsi unavyofanana na jembe la kusukumia theluji. Mtoto akisikia "piza" huipiga bila kuuliza. Mgeni, ambaye pengine ana alama nzuri za fizikia na angeweza kuchora ubaoni mishale yote ya nguvu na msuguano, hulielewa neno papo hapo, kisha huanguka. Alichoelewa bado hakijafika miguuni.

Ufundishaji huu wa hatua kwa hatua una wenyewe. Mathias Zdarsky, msanii aliyehamia Lilienfeld nchini Austria, alisoma kitabu cha Fridtjof Nansen juu ya safari yake ya mwaka 1888 ya kuivuka Greenland kwa skii, akaagiza skii kutoka Norwe. Kitabu kilimpa hamu lakini hakikumpa miguu. Alijaribu peke yake kwenye vilima vya Austria kwa miaka kadhaa kabla ya kuandika mbinu yake mwenyewe. Baada yake Hannes Schneider, mzaliwa wa eneo la Arlberg, aliyeanza kufundisha St. Anton mwaka 1907, aliyapanga mafunzo yawe ngazi: plau kwanza, kisha kugeuka kwa plau, kisha kuzikaribianisha skii polepole hadi zilale pamoja. Mchango wake mkubwa, ukitazamwa kwa jicho la falsafa, ni kuigawa imani katika vipimo vidogo ambavyo mwoga anaweza kuvibeba.

Wagiriki walilijua fumbo lililo nyuma ya haya. Katika mjadala wa Plato uitwao Meno, panaulizwa mtu atatafutaje asichokijua: akikijua, hana haja ya kukitafuta, asipokijua, hata akikutana nacho hatakitambua. Plato alijibu kwamba kujifunza ni nafsi kukumbuka yale iliyokwisha kuyaona. Jibu hilo lina uzuri wake, lakini halimsaidii aliyelala kifudifudi na theluji shingoni. Aristotle yuko karibu zaidi na mteremko: alisema yapo mambo ambayo huna budi kuyafanya ili ujue kuyafanya, na kwamba mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Mwaka 1949 Mwingereza Gilbert Ryle aliliongezea jambo hilo hoja. Kama kila tendo la ustadi lingehitaji kanuni itangulie akilini, basi kuitumia kanuni nako ni tendo, lingehitaji kanuni nyingine, na hiyo nyingine, bila mwisho, na hakuna mtu ambaye angewahi kutia mguu kwenye skii.

Hata hivyo aliyelisema jambo hili kwa undani zaidi ni mwanazuoni wa Kiislamu, Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Alipokuwa akieleza alivyotoka kwenye shaka, alikiri kwamba vitabu vya masufi alivisoma akavimaliza, kisha akaona kiini chao hakifikiwi kwa kusoma bali kwa kuonja. Alitoa mfano wa tabibu mgonjwa: anaijua maana ya afya, sababu zake na dawa zake, ila afya yenyewe hana.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake katika jambo hili. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa safarini kutoka pwani, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wa njia ule weupe ni nini, aliambiwa neno moja: baridi. Kule Uingereza wako wasomi wa jiografia waliokataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Wasomi hao walikuwa na fasili kamili ya theluji wakakosea. Kiongozi hakutaja jina la kitu wala umbo lake. Alitaja kinavyoupata mwili, na alikuwa sahihi.

Kutoka hapo mtu anaweza kuruka haraka mno na kusema kwamba imani hutangulia maarifa, basi na tuamini tu. Hilo ni kosa, na mlimani ni kosa linalovunja mifupa. Injili ya Mathayo inasimulia Petro alivyotembea juu ya maji, akaogopa upepo, akaanza kuzama, na mahubiri mengi yamejengwa juu ya tukio hilo. Lakini bahari kwa kawaida haibebi mtu aliyesimama. Pale palihitajika muujiza. Theluji humbeba mtelezaji kwa tabia yake yenyewe, na mtelezaji anayeinamia bondeni haombi kanuni za dunia zisimame kwa ajili yake. Anaombwa akubali zilivyo. Ndivyo ilivyo kwa anayejifunza kuelea: maji humbeba aliyelegea na kumshinda anayepigana nayo, na hakuna awezaye kuthibitisha hilo akiwa amesimama ufukweni.

Kwa hiyo imani inayofaa hapa ni ile ambayo Waislamu huiita tawakali, ambayo katika mafundisho yao huanza na kumfunga ngamia kwanza, ndipo kumtegemea Mungu. Vifungo vya skii hupimwa kulingana na uzito wa mtu ili vifyatuke akianguka vibaya. Njia huwekewa rangi, bluu kwa iliyo rahisi na nyeusi kwa ya mabingwa. Mteremko wa kwanza huchaguliwa ule unaoishia kwenye tambarare, ili hata asiyejua kusimama asimame. Yote haya ni sababu za kuamini, na mwanafunzi anaweza kuyakagua kabla hajaondoka. Asichoweza kukagua ni jambo moja tu, kwamba ule mwinamo wa kutisha ndio utakaompa usukani. Hilo hulijua baada ya kuinama. Basi imani yake haichukui nafasi ya akili. Inaivusha akili pale ambapo ushahidi unaofuata umewekwa ng'ambo ya tendo.

Jean-Paul Sartre, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1943, alimtazama mtelezaji kama mtu anayelifanya shamba la theluji kuwa lake kwa kasi, akipita juu bila kuzama. Huenda bingwa huhisi hivyo. Kwa anayeanza, maelezo hayo yamegeuzwa: hamiliki kitu, na siku anayoacha kutaka kuumiliki mlima ndiyo siku anayogeuka vizuri. Kugeuka kwenyewe kunadai utii wa namna hiyo, maana anayetaka kwenda kushoto hukandamiza mguu wa kulia.

Utii huo haununuliwi kwa nguvu za mwili. Mkenya Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800, alipelekwa Finland kujifunza skii za masafa marefu, na mwaka 1998 akashindana katika kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano. Pumzi alikuwa nayo. Alifika wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, ambaye alimngoja kwenye mstari akamkumbatia. Boit alirudi kushindana katika Olimpiki za 2002 na 2006.

Linabaki swali la mwisho. Mwanafunzi aliyerudi Dodoma, mahali pasipo na theluji, bado anajua skii? Hawezi kuonyesha, na akieleza, mama yake atasikia habari za piza tu. Lakini mvuvi aliyelala hajasahau uvuvi, na ujuzi wa aina hii haukai kwenye maelezo. Anajua. Akisimamishwa tena kwenye mteremko baada ya miaka mingi, ataanguka mara moja au mbili, kisha miguu itapiga plau kabla ulimi haujakumbuka jina lake.