Cha Bure na Deni Lake

Limezuka miongoni mwetu sisi walimu wa Kiswahili wa Uganda swali ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana dogo, lisilostahili kuwapotezea watu wakati. Swali lenyewe ni hili: mwalimu achukuapo kamusi, zoezi, sauti au tafsiri katika intaneti bila kulipa hata senti moja, akaitumia darasani, je, anabaki na deni? Na ikiwa deni lipo, mdai wake ni nani? Wako wenzetu wajibuo upesi kwamba kitu kikishatolewa bure hakina mdai, na kwamba anayeuliza zaidi ya hapo anatafuta sababu ya kuikimbia kazi. Hatukubaliani nao, ingawa hoja yao ina nguvu kuliko inavyodhaniwa.

Nguvu yake yatokana na hali tuliyo nayo. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika mwaka 2020, ukaliweka somo la Kiswahili katika masomo ya lazima ya vidato viwili vya kwanza. Kisha mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maazimio yalikwenda mbio. Vitabu na walimu vikafuata nyuma taratibu. Mwalimu agawaye vitabu vitano kwa darasa zima, ambaye mfukoni ana simu iwezayo kumpa kamusi na mazoezi na sauti za wasemaji, nani atakuwa na ujasiri wa kumwambia asiifungue? Sisi hatunao.

Lakini lugha yetu yenyewe yatutahadharisha. Neno "bure" lina maana mbili ambazo kila mwalimu anazijua: kisicholipiwa, na kisichofaa kitu. Twasema "tumepewa bure", na twasema "tumehangaika bure". Waliotangulia hawakuona vibaya kuziweka maana hizo mbili katika neno moja, na yafaa tuyaangalie mambo ya intaneti kwa macho hayo mawili.

Kwanza, hata hiyo bure ya fedha si bure kamili. Data hununuliwa. Tangu tarehe 1 Julai 2018 aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii hapa nchini alitozwa kodi ya shilingi 200 kwa siku, na katika mitandao hiyo ndimo makundi ya walimu yalimopashana mitihani na vitini. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Sheria ilitoa msamaha kwa huduma za elimu na tiba, lakini mwalimu anunuaye kifurushi chake dukani hanunui "elimu". Ananunua data kama mtu mwingine yeyote. Tusikawie hapo. Senti za mwalimu ni jambo la kusikitisha, bali si ndilo deni tunalolitafuta.

Deni lipo kwa aliyefanya kazi. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na leo ina makala makumi ya maelfu yaliyoandikwa na watu wasiolipwa, baadhi yao wakiandika usiku baada ya kazi zao za mchana. Kabla yake, mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, Martin Benjamin alianzisha kamusi ya Kiswahili ya kwenye intaneti, na watu wa kujitolea wakaichangia maneno na maelezo. Mwaka 2017 Duolingo nayo ilifungua somo la Kiswahili lililotungwa kwa kazi ya watu wa kujitolea. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilikomesha utaratibu wa kujitolea, ikatangaza kuwapa fedha za shukrani wale waliokuwa wamejitolea, na mwezi Julai mwaka huo huo hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la New York. Hatusemi kwamba pana dhuluma hapo. Waliojitolea walijua wanaifanyia kampuni, na wengi walifurahia kazi ile. Twasema tu kwamba kazi mbili zaweza kufanana machoni, hii bure na ile bure, kumbe njia zao ni mbalimbali.

Wakulima wa nchi hii hawangetatizwa na jambo hilo. Buganda wanayo "bulungi bwansi", yaani kazi ya pamoja kwa manufaa ya nchi: watu wa kijiji hutoka na majembe, wakalima njia au kusafisha kisima, wasilipwe chochote. Hakuna aulizaye malipo, maana alimaye njia ndiye apitaye juu yake. Watu hao hao waliijua "kasanvu", kazi ya lazima ya serikali ya kikoloni iliyokomeshwa mwaka 1922. Majembe yalikuwa yale yale na jua lile lile. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeamua kazi ifanywe, na ni nani aliyebaki na njia kazi ilipokwisha.

Basi mwalimu atakapo kujua kama anachokitumia kimo katika bulungi bwansi au kimo katika jambo jingine, aulize maswali ya mkulima. Je, njia hii yaweza kufungwa na mtu mmoja? Makala ya Wikipedia yana kibali kinachomruhusu kila mtu kuyanakili na kuyatumia, maadamu ataje yalikotoka na kuyaacha wazi kwa wengine. Sauti zinazokusanywa katika mradi wa Common Voice, ulioanzishwa na shirika la Mozilla mwaka 2017, ambamo watu husoma sentensi kwa sauti na wengine huzisikiliza na kuzithibitisha, zimetolewa kwa wote bila sharti. Mtu atasema: lakini hata matajiri huzichukua sauti hizo wakatengenezea mashine zao! Ndiyo, huzichukua. Hata lori la tajiri hupita katika njia iliyolimwa na kijiji. Asiloweza tajiri ni kuweka lango na kuanza kututoza ushuru tuliolima.

Hadi hapa tumesema habari za kazi iliyofanywa kwa kukusudia. Liko deni jingine lililo gumu zaidi, nalo ni la mashine za kutafsiri. Mashine hizi hazikufundishwa sarufi kama tunavyomfundisha mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Zimelishwa maandishi mengi mno, ya Kiswahili na ya lugha nyingine, zikajifunza lipi hufuatana na lipi. Maandishi hayo yaliandikwa na watu: watangazaji, wahariri, wafasiri wa vitabu vya dini, na hapana shaka walimu pia. Zaidi ya yote, zimekula Kiingereza kwa wingi usiolinganishika na Kiswahili. Matokeo yake twayaona darasani. Ipe mashine sentensi "Yeye ni daktari", kisha "Yeye ni muuguzi". Kiswahili hakikusema kama mtu huyo ni mwanamume au mwanamke, wala hakikuona haja. Mashine nyingi zimezoea kumfanya daktari mwanamume na muuguzi mwanamke, maana Kiingereza chataka kuchagua, nazo huchagua kwa kufuata mazoea ya maandishi yaliyozilisha. Au zipe habari ya mkutano wa saa mbili asubuhi. Mara nyingine zitaihesabu mbili ile ile, na mgeni aliyealikwa ataambiwa kwa lugha yake aje saa nane za usiku.

Kosa kama hilo lingetokea Mombasa au Unguja, lisingefika mbali. Mtoto angerudi nyumbani nalo, bibi yake akamcheka, na mambo yakaisha. Huko lugha ina walinzi wengi wasiolipwa: muuza kahawa, utingo, shangazi. Hapa kwetu wanafunzi wengi hawakisikii Kiswahili wakishatoka darasani. Kwa miaka mingi wazazi wengi walikijua kama lugha ya askari na kambi, wakakiogopa au wakakidharau, na hivyo nyumbani hakuna wa kumcheka mtoto. Kosa la mashine likipita mbele ya mwalimu bila kusahihishwa, limekwisha kuwa Kiswahili cha mtoto huyo, na baada ya miaka kumi atakuwa mwalimu.

Kwa sababu hiyo twaona deni letu si deni la fedha wala la shukrani za mdomo. Ni deni la kusahihisha. Aliye na elimu ya kuona kosa katika kitu anachokitumia bure, akakitumia, akalinyamazia lile kosa, amewaachia mzigo wanaokuja nyuma yake, ambao hawana elimu hiyo. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Na hapa kinacholiwa ni lugha ya watoto tunaowafundisha.

Tena yako mambo ambayo hakuna mwingine wa kuyasahihisha isipokuwa sisi. Mafunzo mengi ya bure yametungwa kwa ajili ya mtu aijuaye Kiingereza. Humchukua mwanafunzi kwa mkono na kumweleza kwa kirefu ajabu ya kusema mtu na watu, kitabu na vitabu. Mtoto wa Kiganda alikwisha kusema "omuntu" na "abantu", "ekitabo" na "ebitabo", kabla ya kuota meno yote. Humweleza kwa mshangao kwamba saa mbili ni saa ya pili tangu mapambazuko, na nyumbani kwao kila siku wanasema "ssaawa bbiri" kwa saa hiyo hiyo. Ni kama mtu atakaye kwenda kwa jirani, akapitishwa London kwanza.

Na penye ugumu wa kweli mafunzo hayo hunyamaza. Katika Kiganda sauti za l na r hazitenganishi maneno. R hutokea baada ya i na e, na penginepo husikika l. Kwa hiyo mwanafunzi wetu asemapo "habali", hakukosa akili. Anaitii sheria ya lugha yake kwa uaminifu mkubwa. Asemapo "erimu" na "kweri" anaitii vile vile. Lakini Kiswahili hakina huruma na jambo hili: kura si kula, na mahari si mahali. Tumesikia insha nzuri ikisomwa, juu ya wananchi waliojipanga tangu alfajiri wapate "kupiga kula", na darasa zima lisione cha kuchekesha. Sauti za dh, th na gh zina shida yake, nayo h vile vile. Orodha ya mazoezi ya maneno kama hayo, yaliyopangwa kwa kufuata kinywa cha Mganda, na nyingine kwa Mwacholi, na nyingine kwa Mnyankole, haitatungwa na kampuni ya mbali, kwa kuwa hakuna soko la kuilipia. Itatungwa na mwalimu wa Masaka au Gulu, au haitatungwa kabisa.

Hapa ndipo wenzetu hutujia na pingamizi lao lililo bora. Wanasema: mshahara wa mwalimu mnaujua, mnamtaka sasa afanye kazi ya pili, bila malipo, ili mashine za matajiri zinenepe? Pingamizi hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba deni la kusahihisha halimlazimu mtu kulilipia mlangoni pa kila tajiri. Alilipe mahali ambapo njia itabaki wazi. Aliyesahihisha makala ya Wikipedia, au aliyeandika mazoezi ya l na r akayatoa kwa kibali cha wote, amelipa, hata kama hakuigusa mashine yoyote. Majirani zetu wa Rwanda walilielewa jambo hili mapema. Huko Kigali iko kampuni iliyojiita Digital Umuganda, kwa jina la kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kwa juhudi za watu wa kujitolea Kinyarwanda kimepata katika Common Voice zaidi ya saa 2,000 za sauti, kiasi ambacho lugha nyingi za Ulaya hazijakifikia.

Liko sharti moja ambalo hatutalilegeza. Mwalimu aweza kutoa jasho lake. Sauti ya mwanafunzi si yake kutoa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu yataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na hata isingetaka, isingefaa somo la matamshi ligeuzwe kuwa mavuno ya sauti za watoto wasiojua zinakwenda wapi.

Wenye umri wa kuridhia wenyewe, tuseme vijana wa vyuo vya ualimu, wana shauri jingine, nalo bado latugawanya. Wengine wetu husema wasirekodi mpaka matamshi yao yatakate, tusije tukaueneza huo "habali" duniani. Sisi twaona heri tutenganishe mashine isikiayo na mashine isemayo. Mashine isemayo humpa mwanafunzi kielelezo cha kuiga, na hiyo ifundishwe kwa sauti zilizo safi. Bali mashine isikiayo, ile ambayo mkulima wa Mubende ataizungumzia akitaka kujua bei ya mahindi, ikifundishwa sauti za pwani peke yake haitamsikia kamwe, na atakata simu akidhani kwamba Kiswahili chake si Kiswahili. Hiyo inahitaji "habali" nyingi iwezekanavyo, kila moja ikiwa na alama ya mahali ilikotoka.