Wingu Si Mvua



Mkulima wa Dodoma anajua ya kuwa mvua za nchi yake huja msimu mmoja tu, baina ya Desemba na Aprili. Wingu jeusi likitanda juu ya Kongwa mwezi wa Julai, hashiki jembe. Lakini wingu kama hilo likitanda Bukoba, kando ya Ziwa, watu huanua nguo upesi. Wingu ni lile lile. Kiasi cha kuliamini ndicho kinachobadilika kwa nchi na wakati.

Mfano huu utusaidie kufahamu kipimo kimoja cha elimu ya siku hizi. Mwaka 1997 Profesa Dennis Lo na wenzake walitangaza kwamba ndani ya damu ya mama mjamzito huelea chembe za urithi zitokazo kwenye mimba. Kuanzia mwaka 2011 kipimo chake kikaanza kuuzwa: mama hutolewa damu mkononi tangu wiki ya 10, na hukisiwa kama mtoto ana kromosomu ya 21 iliyozidi, yaani hali ya Down. Kipimo hiki kingali kigeni kwa akina mama walio wengi wa nyanda zetu, lakini sifa yake kwamba ni sahihi kwa asilimia 99 husafiri mbele yake.

Sifa hiyo si uongo, ila hufahamiwa vibaya. Tuwachukue wajawazito vijana 10,000, ambao kwa makadirio 10 kati yao wana watoto wenye hali hiyo. Kipimo kitawagundua karibu wote 10. Lakini kikikosea kwa mmoja tu katika kila 1,000 waliosalia, kitawatia shaka wengine 10 ambao watoto wao hawana neno. Basi katika akina mama 20 walioambiwa kuna hatari, nusu wameogopeshwa bure! Kwa wenye miaka 40, ambao hali hiyo huwapata kama mmoja katika 100, jibu la namna hiyo huwa kweli kwa tisa katika kila kumi. Na kwa kasoro zilizo adimu zaidi, majibu ya uongo huweza kuyapita ya kweli.

Sababu ni nini? Chembe zile hutoka hasa kwenye kondo la nyuma, nalo huweza kutofautiana na mtoto mwenyewe. Pengine alikuwapo pacha aliyekufa mapema, au kasoro imo katika damu ya mama. Ndiyo maana Aprili 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba jibu la kipimo hiki peke yake lisitumiwe kukata shauri juu ya mimba.

Hata hivyo, ni mara ngapi karatasi husema "hatari" na jamaa wakasoma "hukumu"! Mume hutaja talaka, mawifi hutaja laana, na wengine hushauri mimba itolewe kabla jambo halijahakikishwa.

Katika zahanati zetu mtu haambiwi ana virusi vya UKIMWI kwa kipimo cha kwanza peke yake; hupimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine. Vivyo hivyo hapa: uhakika hutafutwa kwa kupima maji yanayomzunguka mtoto, kuanzia wiki ya 15, baada ya kushauriana na daktari, kwani njia hiyo ina hatari ndogo ya kuharibu mimba.

Kurani Tukufu inatufundisha kuichunguza habari kabla ya kuwatendea watu jambo tutakalolijutia. Ni nani anayestahili zaidi kufanyiwa uchunguzi huo kuliko yule asiyeweza kujitetea? Na ikithibitika kweli, mtoto huyo si adhabu, wala mama yake si mkosaji. Ni kiumbe wa Mwenyezi Mungu, naye ana haki ya kupendwa na kulelewa.

Mwenyezi Mungu atujalie subira ya kuhakikisha na huruma ya kupokea. Amin.